Ukubwa wa Ofisi Haufungi Hesabu

Makala iliyochapishwa wiki iliyopita ilimshauri mwenye duka awaache wahasibu wa kujitegemea, akabidhi vitabu vyake kwa kampuni, eti huko ndiko kwenye uhakika. Napinga.

Mwandishi amelikwepa swali la msingi: ni nani hasa atakayeshika hizo hesabu? Kwenye kampuni nyingi anayekuja kusaini mkataba ni bosi. Risiti zinaishia kwa kijana wa mafunzo mwenye wateja lukuki. Muuza vipuri wa Kariakoo anahitaji mtu anayejua kwamba maandishi ya risiti za EFD hufifia, hivyo azipige picha mapema. Anahitaji mtu asiyekumbushwa kwamba PAYE mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT ni tarehe 20. Mhasibu mmoja aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, anaiweza kazi hiyo, na simu yake anaipokea mwenyewe.

Ni kweli, mtu mmoja akiugua tarehe 18 kazi inalala. Hoja hiyo ni nzito, na kiwanda chenye wafanyakazi mia kiende kwenye kampuni bila kusita. Kwa duka, inatosha mkataba umtaje mbadala, na nywila ya mfumo wa TRA ibaki kwa mwenye mali. Hata kampuni nazo hukimbiwa na wafanyakazi.

Ndugu mfanyabiashara, usitishwe na kibao cha mlangoni. Kabla ya kusaini popote, dai jina la atakayefanya kazi yako na namba yake ya usajili.