Bei ya Peni Kongwe za Kiingereza

Mtu akiambiwa kwamba peni moja imeuzwa kwa pauni 648,000, hakosi kuuliza kama wanunuzi wana akili timamu. Lakini ndivyo ilivyokuwa katika mnada wa London, Januari 2022. Peni yenyewe ni ya dhahabu, iliyopigwa mwaka 1257 zama za Mfalme Henry wa Tatu, na iliokotwa shambani Hemyock, katika jimbo la Devon, mwaka 2021. Bei aliyoigongea dalali ilikuwa 540,000. Zile 108,000 nyingine ni ada ya mnada. Basi anayeingia mnadani asihesabu bei ya sarafu peke yake.

Sarafu hizi huitwa za nyundo kwa kuwa fundi wa kale aliweka kipande cha madini baina ya mihuri miwili, akakipiga. Si zote zilizo ghali. Peni za fedha za Edward wa Kwanza, zilizoanza kutolewa mwaka 1279, zilipigwa kwa mamilioni, na za kawaida hupatikana hata leo kwa makumi ya pauni. Bei hupanda pale maandishi yanaposomeka, ukingo ukiwa haukukatwa na wezi wa fedha, au mfalme aliyetajwa akiwa alitawala muda mfupi.

Sisi Waislamu nasi tumo katika habari hii. Jumba la Makumbusho la British Museum lina dinari ya dhahabu ya Offa, mfalme wa Mercia aliyekufa mwaka 796. Fundi wake aliiga dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, pamoja na maneno ya tauhidi, kisha akapachika jina la Offa kichwa chini. Makosa ya herufi yaonyesha kuwa Kiarabu hakukijua. Alichojua ni kwamba dinari ya Baghdad iliaminika masokoni. Hiyo ndiyo elimu isiyopimwa kwa uzito wa dhahabu.

Nionavyo mimi, gharama kubwa kuliko zote ni ile isiyolipwa kwa pauni. Mwaka 2015 watu wawili walifukua hazina karibu na Leominster, wakaificha na kuiuza kidogo kidogo. Mwaka 2019 walifungwa. Sarafu zilikadiriwa kuwa kama 300; hadi walipohukumiwa, zilikuwa zimepatikana 31 tu. Hizo chache zamwonyesha Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia wakitumia sarafu za namna moja, dalili ya mapatano, ilhali maandishi ya zamani yalimdharau Ceolwulf. Zilizopotea zingetuambia nini zaidi?

Tazama kinyume chake. Peni 2,584 za Chew Valley, za wakati Wanormani walipoiteka Uingereza, ziligunduliwa mwaka 2019, zikaripotiwa kama sheria isemavyo. Mwaka 2024 zilinunuliwa kwa pauni milioni 4.3 ili umma uzione, na malipo yakagawanywa nusu kwa nusu baina ya mwenye shamba na waliozipata.

Kwa hiyo, anayetamani kukusanya na aanze na peni ya bei ndogo, lakini kwanza aulize imetoka wapi. Asiye na jibu la swali hilo, hata akiuza rahisi, anauza ghali mno.