Kuzima Taa Si Kutengeneza Gari

Haya jamani, leo tuache simu tuingie kwenye gari, maana gari la siku hizi nalo ni kompyuta yenye magurudumu.

Kuna mtindo umeenea huku kwetu Meru na Embu. Mtu ananunua Probox iliyotumika Japani, anang'oa usukani iliokuja nao, anaweka ule mdogo wa gari la mashindano. Urembo ni wake, sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale taa ya mfuko wa hewa inapowaka kwenye dashibodi ikakataa kuzimika. Anaenda gereji, na badala ya kuulizwa usukani wa zamani uko wapi, anaulizwa: "Nikuzimie?"

Sasa sikilizeni kinachotokea. Mfuko wa hewa wa dereva umekaa katikati ya usukani wa asili. Kwa kuwa usukani unazunguka, umeme huufikia kwa utepe wa nyaya uliojiviringa. Kompyuta hupitisha humo umeme kidogo sana ikipima ukinzani, ambao huwa kama omu 2 hivi. Ukiondoa mfuko, njia imekatika. Kompyuta inaandika nambari ya hitilafu (kwenye Toyota nyingi za zamani ni 14) na kuwasha taa. Haijaharibika. Inasema kweli!

Mafundi wana dawa tatu: kung'oa balbu, kuunganisha taa hiyo na ya oili ili zizimike pamoja, au kuweka rezista ya omu 2 mahali pa mfuko. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kompyuta yenyewe inaamini mfuko upo.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ujanja huu. Ni kuandika try na catch, halafu ndani ya catch huweki kitu. Programu haianguki, lakini data inapotea kimya kimya. Ukileta kazi ya namna hiyo kwa wenzako unarudishiwa. Kwa nini fundi alipwe kwa jambo lile lile, tena mahali ambapo kinachopotea ni mtu?

Najua mtaniambia: mifuko yenyewe si inaua? Takata je? Ni kweli, baadhi ya mifuko ya Takata ilitumia kemikali iliyoharibika kwa joto na unyevu, ikarusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Lakini tiba yake ni kupeleka nambari ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji, ikibidi mfuko ubadilishwe. Rezista haitibu chochote.

Na barabara yetu haisamehe. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, wakafa zaidi ya watu 30. Mteremko ule ule ndio Probox zinaoshuka kila siku.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukitaka gari litengenezwe, rudisha usukani na mfuko wake, badilisha utepe kama umekatika, na fundi atoe waya hasi wa betri angoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Ukitaka kubaki na usukani wa mashindano, iache taa iwake! Ikuaibishe, imwonye abiria, imwambie ukweli atakayenunua gari hilo kesho. Kuizima ni kumwuzia mtu uongo.

Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa pesa washa swichi bila kupiga injini. Taa iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde kama 6. Isipowaka kabisa, kuna balbu iliyong'olewa. Ikisubiri kuzimika na ya oili, umedanganywa. Na ukiona usukani si wa asili huku taa imetulia kabisa, mwambie muuzaji akuonyeshe mfuko uko wapi.