Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vidonge vya daladala na saratani

Mheshimiwa Waziri,

Katika daladala za Mbagala huwa anapanda muuzaji mwenye mkoba wa chupa za vitamini D. Anainua moja na kutangaza: "Hii inazima moto wa ndani, saratani haikusogelei!" Abiria wananunua, wala si wajinga, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Vitamini D ikishapita kwenye ini na figo hugeuka homoni, na seli za kinga zina vipokezi vyake. Kwenye maabara, homoni hiyo hutuliza inflamesheni, yaani ule uchochezi wa mwili ambao ukidumu miaka hurutubisha saratani. Huzuia pia seli za saratani zisigawanyike ovyo. Wanasayansi hawakuota ndoto za mchana.

Ila Wamarekani walipima. Katika utafiti wa VITAL, watu 25,871 waligawanywa: wengine wakapewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine vidonge visivyo na kitu. Majibu yalitoka 2018: idadi ya waliopata saratani ilikaribiana mno. Baadaye uchambuzi ulionyesha dalili kwamba huenda inapunguza saratani iliyosambaa, jambo la kufuatilia, si la kuuzia chupa. Tena vitamini hii ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Hilo muuzaji halitaji.

Linaloniudhi zaidi ni nyongeza yake kwa wasio na hela: "Basi ota jua." Ndani ya gari hilo anaweza kuwemo mama aliyempakata mtoto mwenye ualbino. Saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino wangali vijana. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua. Mama huyo avue kofia ya mwanawe kwa ajili ya vitamini inayopatikana kwenye vibua, au kwenye kidonge alichoandikiwa na daktari?

Naomba Wizara itoe tamko fupi, lisomwe redioni na kubandikwa zahanati: nani anahitaji vidonge hivi, kipimo gani, na kwamba si kinga ya saratani. Wakaguzi nao wapite stendi. Na katika tamko hilo hilo itajwe chanjo ya HPV ya wasichana, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi na kutolewa bure. Hiyo sijasikia ikipigiwa debe kwenye daladala.

Wako,
Abiria wa Mbagala