Mizinga ya Laikipia: Jeshi Zikienda Home, Bomu Iliyobaki ni ya Nani?

Wasee, leo tuongelee mizinga. Si ile ya wikendi, tulia. Ni ile ya jeshi.

Stori iko hivi. Tangu 1964 wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakija mazoezi hapa kwetu, na kambi yao kubwa iko Nanyuki. Wanafyatua risasi na makombora ya ukweli huko Laikipia na Samburu, saa zingine wakiwa na majamaa wetu wa KDF.

Na tusidanganyane, hayo mazoezi yana maana. Mzinga wa milimita 105, ule Waingereza wako nao na KDF pia wanao, unarusha kombora zaidi ya kilomita 15. Mwenye anafyatua haoni pale linaangukia. Kuna mwingine huko mbele anamwambia kwa redio apige wapi. Kama hao wawili wametoka nchi tofauti na hawajazoeana, kosa kidogo tu na umeangushia wenzako moto.

Shida ni kwamba si kila kombora hulipuka. Lingine linaanguka, linanyamaza, linangoja. Jeshi inapanda ndege, halafu mtoto anachunga mbuzi anaona chuma inang'aa kwa nyasi, anaokota.

Hii si porojo. 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, watu waliumizwa ama familia zao ziliuawa na mabomu yaliyoachwa pande za Dol Dol na Archers Post. Na unajua ubishi ulikuwa gani? Bomu ni ya nani, maanake jeshi yetu pia ilikuwa ikitumia hizo uwanja.

Hapo ndipo ushirikiano unageuka ksanga. Jeshi zikiwa mbili ama tatu kwa uwanja mmoja, kila mtu anaweza sema si yangu. Mwenye hana wa kumsukumia lawama ni yule alipoteza mkono.

Mkataba na Uingereza ulisainiwa 2021, Bunge ikaupitisha 2023. Waheshi wanafaa kuuliza swali moja tu: makombora yaliyofyatuliwa yalikuwa mangapi, na yaliyolipuka ni mangapi? Hesabu ikikataa, hakuna kuondoka mpaka uwanja usafishwe. Na hiyo sheria ibane KDF pia, si mzungu peke yake. Wachungaji nao waambiwe mapema wapi pa kuepuka, kwa lugha yao, si kwa karatasi imebandikwa ofisini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Doh ya fidia ikikuja miaka baadaye, mguu haurudi. Huyo mwenyeji hajapona.

Wewe unaonaje? Mwenye amefyatua asafishe, ama serikali yetu ibebe?