Ruzuku ya Mbolea: Na Mwenye Jembe Apate Haki Yake

Ndugu wafanya kazi,

Mara nyingi twaulizwa: "Habari ya bei ya mbolea yawahusu nini nyinyi watu wa chama? Nyinyi hamna mashamba." Twajibu kwamba yatuhusu sana. Fedha za ruzuku ni kodi, na kodi sote twalipa, hata anunuaye mche wa sabuni.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Julai 2022 Serikali ilitoa ruzuku ya unga wa mahindi, pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 100. Haikudumu. Baada ya uchaguzi wa Agosti, Serikali mpya ilisema ni heri kumsaidia alimaye kuliko alaye. Gunia la mbolea la kilo 50, ambalo bei yake ilikuwa imepita shilingi 6,000, likauzwa 3,500, na mwaka 2023 likashuka hadi 2,500.

Sisi hatupingi jambo hilo. Mkulima mdogo wa Mpeketoni, Witu au Hindi, apandaye mahindi na pamba, ni ndugu yetu. Lakini msaada huu hupimwa kwa magunia, na magunia hupimwa kwa eka. Mwenye eka nyingi hupata zaidi kuliko mwenye eka mbili, na asiye na shamba hapati kitu. Kibarua apaliliaye kwa kutwa jina lake halimo katika daftari lo lote. Unga wa bei nafuu ameukosa, na mbolea haikumfikia.

Tazameni na visiwa. Shilingi 2,500 ni bei ya ghalani. Mtu wa Faza au Siyu akitaka gunia, ataongeza nauli ya mashua na ujira wa wachukuzi. Bahari haina ruzuku.

Mtindo huu si mpya. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao. Walowezi wa Kizungu walipewa fedha za kuvunja ardhi mpya, tena wakadhaminiwa mapato kwa kila eka. Vibarua walioshika majembe hawakudhaminiwa kitu, na wengine walipelekwa mashambani kwa nguvu.

Tena fedha nyingi zisipolindwa huvuta wezi. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mbolea isiyofaa imeuzwa kwa wakulima katika mpango huu huu. Aliyepanda kwa mbolea ile alipoteza msimu, na kibarua wake akapoteza kazi ya mavuno.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Hesabu ya magunia yaliyotolewa ibandikwe hadharani katika kila kata, watu waisome.

2. Mwenye shamba anunuaye mbolea ya ruzuku na kuajiri vibarua athibitishe kwamba awalipa mshahara wa chini uliowekwa na sheria.

3. Gharama ya kuvusha gunia iingizwe katika ruzuku, ili bei ya Mokowe iwe ndiyo bei ya Faza.

Hatumgombanishi mtu wa visiwani na mtu wa bara, wala mkulima na kibarua. Wote hula sahani moja. Ila twasema: akisaidiwa mwenye shamba, asisahauliwe mwenye jembe.

Ndugu vibarua, andikeni siku zenu za kazi na ujira mliolipwa, mzilete kwa chama. Mmoja akiuliza peke yake hufukuzwa. Sote tukiuliza, hatuna budi kujibiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.