Tupande Mforsadi Uani

Wako kati yetu hapa Temeke na Kinondoni watamanio kupanda stroberi uani. Lakini stroberi hupenda baridi ya milimani, kama ya Lushoto. Joto la pwani huidhoofisha, na fedha ya miche hupotea bure.

Kwa maoni yangu, yafaa tupande mforsadi. Mti huu wastahimili joto, nao huota kwa kipande cha tawi, ambacho jirani aweza kukupa bila malipo. Mchanga wetu wataka samadi. Upogoeni mti baada ya mavuno, usije ukajaza ua. Machipukizi mapya ndiyo yazaayo. Msiupande karibu na kamba ya nguo, maana forsadi hutia madoa.

Shime, tupange kabla ya masika: ua mdogo usiwanyime watoto matunda.