Cheti Hakikazi Bolti

Gari likifunguliwa injini leo, likafungwa, na baada ya siku mbili oili yake ikageuka rangi ya chai ya maziwa, hapa Kakuma utasikia maneno ya aina mbili tu. Mwenye gari atasema, "Hawa mafundi wa kambi ni wezi." Mtu wa shirika atatikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Wanahitaji mafunzo zaidi." Mimi nasema wote wawili wamekosea, na kosa lao linatugharimu.

Tuanze na injini yenyewe, maana wengi wanaosema hawajaiona ikiwa wazi. Kati ya bloku na silinda hedi kuna gasketi moja nyembamba. Hiyo ndiyo inatenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa petroli, maji ya kupoza, na oili. Chukua Probox, gari ambalo kila mtu hapa ameshalipanda. Injini yake ya 1NZ ni ya alumini, na hedi inashikwa na bolti 10. Bolti hizo zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu: kwanza kwa kipimo cha kiwanda, halafu robo ya mzunguko, halafu robo nyingine. Ukikaza upande mmoja kuliko mwingine, gasketi inabanwa huku na kulegea kule. Maji yanapata njia.

Na kabla ya kufunga, hedi inapimwa kama imepinda. Injini ikishachemka sana, hedi ya alumini hupinda. Kipimo kinachoruhusiwa kwa injini kama hizi ni milimita 0.05 hivi, nyembamba kuliko unywele. Jicho haliwezi kuona hiyo, hata liwe la fundi wa miaka 30.

Sasa njoo chini ya mti uangalie fundi ana nini. Spana za kawaida, bisibisi, nyundo, msasa. Hana spana ya toki, ile inayolia "klik" ikifika kipimo. Hana rula ya chuma iliyonyooka, wala vile vijani vyembamba vya kupimia nafasi. Anasugua hedi kwa msasa juu ya kipande cha kioo, anakaza kwa kuusikiliza mkono wake. Mara nyingine mkono unapatia. Siku usipopatia, anaitwa mwizi.

Eti mafunzo zaidi! Ukimuuliza huyo fundi, atakutolea cheti ndani ya karatasi ya plastiki. Kaza kwa zamu, pima hedi, safisha matundu ya bolti: yote amefundishwa, anakusomea kama sala. Lakini vifaa alivyofundishiwa vimebaki kwenye kabati la darasani, na ufunguo hana. Siku ya kumaliza kulikuwa na bango, fulana, soda na picha. Nauliza tu: hesabu ya siku hiyo ingenunua spana ngapi za toki?

Wengine wanasema, basi peleka town. Sawa. Mashine ya kusawazisha hedi unaipata Kitale au Eldoret, safari ya mamia ya kilomita. Hedi inafungwa kwenye gunia na kupandishwa basi bila kuulizwa kitu. Fundi mkimbizi hawezi kupanda basi hilo bila pasi ya kusafiri, na pasi ina sababu zake, foleni yake na siku zake. Kwa hiyo chuma kinasafiri, mwenye ujuzi anabaki. Hawezi kusimama mbele ya mashine aseme, "Ongeza hapa, punguza pale." Ikirudi imesagwa vibaya, anaifunga hivyo hivyo, maana mwenye gari amesimama anasubiri.

Lakini ndugu zangu, na sisi tusijifiche nyuma ya mashirika. Kuna ugonjwa wetu wenyewe unaoitwa "ongeza maji twende". Maji yanapungua kwenye rediata na chini hakuna tone, tunaongeza. Moshi mweupe unatoka nyuma hata injini ikishapata moto, tunaongeza. Mwingine anavunjia yai kwenye rediata ili lizibe. Yai litaziba mirija ya rediata, injini ichemke tena, hedi ipinde zaidi. Oili iliyochanganyika na maji haina tena nguvu ya kulinda beringi za krenki. Kila kilomita unayoongeza inakula chuma. Kazi ya gasketi inageuka kazi ya injini nzima, tena labda usiku kwenye barabara ya Lodwar, na abiria wako ni mgonjwa.

Kwa hiyo, vuta kijiti cha oili. Povu kidogo chini ya mfuniko linaweza kuwa jasho la safari fupi, lakini kijiti kikitoka na uji, zima na usiwashe tena. Liache gari litulie, kisha fungua nati ya sampu: maji yasiyochanganyika yatatangulia, kwa sababu ni mazito kuliko oili. Fungua hedi, ipime, kagua nyufa. Weka gasketi mpya. Ya zamani usiipake silikoni ukajidanganya. Kausha matundu ya bolti, kwa sababu tundu lenye maji linadanganya kipimo na linaweza kupasua bloku. Ukimaliza, weka oili na filta mpya, washa muda mfupi, kisha badilisha tena. Ndiyo, ni oili mara mbili. Injini ni ghali zaidi.

Na ile kulanti usiimwage nje. Ni tamu na ni sumu. Mbuzi wa jirani yetu Mturkana akiinywa anakufa, na mtoto haelewi tofauti. Visima tunavyonywea viko kando ya laga ya Tarach. Oili chafu unayomwaga leo unamwagia mtungi wako.

Ninachodai ni kidogo. Nyinyi wa mashirika, kabla ya kuandikisha darasa lingine, wekeni ghala la vifaa vya kuazima: spana ya toki, rula, vijani vya kupimia, pampu ya kupimia rediata. Funguo washike mafundi wenyewe, kwa daftari na sahihi. Fundi anayefuata hedi yake mjini aandikiwe barua itakayomsaidia kupata pasi, kama anayeenda kazini, kwa sababu anaenda kazini. Na sisi mafundi, vyama vyetu vya kuweka akiba vinanunua viti vya harusi vya kukodisha. Vinunue pia spana moja ya toki, ikodishwe kwa siku. Itajilipa haraka kuliko viti.

Mkishakataa hayo yote, basi msituite tena kwenye picha ya vyeti. Na gari lenu la shirika likianza kunywa maji bila kuvuja, msishangae fundi mwenye cheti chenu akiwaambia: kipimo nakijua, cha kupimia ndicho sina.